Siku Mama Modesta Alipoomba Kuingia Upya

Mimi Luhaga nina miaka sabini na minne. Nimewazika mameneja wawili wa karakana hii, nimeona gati mbili zikioza na kujengwa upya, na daktari aliyeniambia niache kazi nzito amekufa yeye. Nilidhani hakuna cha kunishtua tena duniani. Basi Ijumaa iliyopita nimeshtuka, na mpaka leo moyo haujakaa sawa.

Mama Modesta Kashindye anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kutengeneza injini za boti hapa kwetu Mwanza. Mimi shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo fundi mwenzetu Hadiya ndiye anayechapa haya, lakini maneno ni yangu na nimemkataza kuyapamba. Mngetaka ya kupambwa mngemchagua mwingine wa kumuaga. Hamkumchagua, na mnajua kwa nini.

Alikuja kutoka Mkolani akiwa binti mwembamba, akaajiriwa kufagia, akaomba kushika spana. Mimi ndiye niliyempa spana ya kwanza. Kuna wanaosema alipewa na marehemu meneja Chenge. Chenge alimpa tambara. Miaka haikuwa mingi akawa fundi wa pampu za dizeli ambaye hana mwenzake kuanzia hapa mpaka ng'ambo ya Kamanga, ukinitoa mimi.

Kazi yake kubwa ni wiki yetu. Kwa ndugu waliotoka Buswelu kuja kumsindikiza dada yao, niwaeleze: wiki ni kitabu kilichomo kwenye simu, cha mafundi wa hapa tu. Aliyeruhusiwa anaandika humo, na cha mwenzake anakisahihisha au anakifuta. Boti ikizima katikati ya ziwa na abiria ndani, nahodha anapiga simu, fundi wa zamu anafungua ukurasa na kumsomea afanye nini. Ukurasa ukikosea, upepo unawasukuma watu kwenye miamba.

Ndiyo maana Modesta aliiwekea wiki mlango. Anayetaka kuandika analeta jambo moja analolijua, linasomwa mbele ya mafundi saa ya chai, na wanalichana, kila kosa litajwe. Akinuna, arudi mwaka mwingine. Asiponuna, na wanachama wawili wakasimama kumdhamini, ameingia. Mimi nimesimamishwa hapo mara tatu na nimekataliwa mara tatu. Walisema nimenuna. Sikununa, nilinyamaza kwa heshima. Na kile kikombe cha chai kilichovunjika kilidondoka chenyewe.

Sasa hiyo Ijumaa meneja wetu, Nathaniel, alituambia kwamba Mama akiondoka mlango huo ufutwe. Kila mwenye namba ya kazi aingie na kuandika, hata aliyeajiriwa jana. "Mnapoteza muda," akasema. "Mtu mzima hahitaji kuchanwa ndipo aaminiwe."

Watu wakamtazama Modesta. Mimi nilijua atawaka. Hakuwaka. Alimwambia Seif, kijana wa umeme anayetunza wiki pamoja naye, "Mwanangu, nitoe humo. Futa jina langu." Seif akadhani ni utani. Mama akarudia. Akafuta polepole, kama anafukia mtu. Kisha Mama akasema, "Haya, mimi ni mgeni. Naomba kuingia. Nisomeeni ukurasa wangu wa kutoa hewa kwenye njia ya mafuta, mnichane."

Hapo ndipo tulipogundua jambo la kutisha. Modesta hajawahi kuchanwa hata siku moja! Yeye ndiye aliyeujenga mlango, kwa hiyo yeye alikuwa ndani tangu mwanzo. Na kurasa zake tulizisoma kama tunavyosoma misale ya kanisani.

Hadiya akasoma. Legeza nati, pampu kwa mkono, mafuta yakitoka bila mapovu acha kupampu, kaza nati. Wote wanatikisa kichwa kukubali. Mimi nikapiga meza: "Uongo! Ukiacha kupampu kabla hujakaza, hewa inarudi. Kaza mafuta yakiwa bado yanatoka!"

Seif akaenda kwenye injini iliyokuwa mezani, akafanya kama ukurasa unavyosema. Injini ikakohoa, ikazima. Akafanya kama nilivyosema mimi. Ikanguruma. Nilimwona meneja amekaa kwenye ndoo bila kuangalia kama ina grisi. Ilikuwa nayo.

Modesta aliichukua simu mkononi mwa Hadiya, akausoma tena mwenyewe. Najua alikuwa anawaza boti ngapi zimesomewa ukurasa ule. Kisha akasema, "Asante, kaka Luhaga. Sahihisheni. Nani ananidhamini?"

Seif akasimama. Nami nikasimama. Hadiya akasema, "Babu, shikamoo, lakini wewe si mwanachama." Ikabidi nichanwe kwanza. Wakasema nimesahau kufuta uchafu kwenye nati, nimesahau kukagua kama koki ya tenki imefunguliwa, nimesahau kwamba nahodha hanisikii nikipiga kelele. Nilimeza yote. Nilimeza na chai. Kikombe nilikishika kwa mikono miwili. Hadiya na Seif wakanidhamini, nikaingia, na jambo langu la kwanza kama mwanachama lilikuwa kumdhamini aliyenikataa mara tatu.

Meneja hajasema tena habari ya kufuta mlango. Jumatatu ameleta ukurasa wake mwenyewe. Tunausubiri saa ya chai.

Mama Modesta, tunakushukuru kwa injini, na zaidi kwa kukubali kusimama nje ya mlango wako mwenyewe. Nenda kwa ndugu zako Buswelu ukapumzike, uwe na afya, uandike ukiwa huko, na ukikosea tutakuchana. Mungu akupe maisha marefu, ila usijaribu kunipita mimi.

Anayeona nimetia chumvi awaulize Seif na Hadiya. Ndio walionidhamini, na ndoo ya grisi bado ipo.