Bugali wa Asubuhi ya Mashindano

Mama zangu, na ninyi akina baba mlioketi nyuma, mnanifahamu. Mimi ni mjane niliyejifunza kuandika nikiwa na miaka arobaini, na tangu hapo siiachi siku ya maana bila tarehe. Hata siku ya aibu.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe nane Machi, mwaka jana. Binti yangu wa miaka kumi na sita alikimbia mita elfu tatu kule Beni. Kwetu Butembo tulikula mara moja kwa siku, jioni. Kila asubuhi alipanda kilima mbio kwa chai tupu. Mayai niliwawekea wageni, mtu asije akasema nyumba ya mjane haina kitu. Mtoto hakulalamika, nami nikajisifu kwamba nimemlea vizuri.

Siku hiyo nikataka kumpa nguvu zote kwa pamoja. Saa moja kabla ya mbio nilimsimamia mbele ya bugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki.

"Mama, inatosha."

"Kula! Baba yako hayuko, lakini chakula kiko!"

Ndugu zangu, leo ninacheka. Mzunguko wa tatu aliinama, akatapika mbele ya uwanja mzima. Kijana mmoja akapaza sauti: "Anarudisha bugali ya mama yake!" Binti alibandua namba kifuani, akaniwekea mkononi. "Mama, sitakimbia tena."

Tulikuwa tumefikia kwa mama mmoja Mwislamu, mfanyabiashara, aliyekuwa amefunga Ramadhani. Aliposikia, alishika kiuno. "Mama, mutoto hapana gunia ya viazi! Unamujaza siku moja juu ya juma muzima?" Akanieleza jinsi wanavyokula daku kabla ya alfajiri: uji, ndizi, maharagwe, maji, bila kushindilia tumbo, na kila siku.

Mimi Mkatoliki mwenye cheti cha kusoma na kuandika, nifundishwe kula na mtu ambaye tangu alfajiri hajaonja hata maji? Nilinuna hadi Butembo. Lakini ile namba ilikuwa bado mkononi mwangu. Jumatatu, tarehe kumi, nilimchemshia binti yai la wageni.

Tukaendelea hivyo: uji wa soya kabla ya shule, maharagwe mchana, jioni bugali kidogo na mboga nyingi. Viatu vyake vilikaa chini ya kitanda hadi tarehe mbili Aprili. Asubuhi hiyo aliingia akitokwa jasho: "Mama, yai yangu iko wapi?"

Tarehe kumi na nne Juni alikimbia hapa kwetu, uji ukiwa umeshatulia tumboni. Mzunguko wa tatu nilifumba macho. Nilipoyafumbua, hakuna aliyekuwa mbele yake, na hakupitwa na mtu hadi mwisho! Alinijia moja kwa moja. "Mama, niko na njala!"

Watu walicheka, mimi nikalia. Miaka miwili ya mbio alikuwa amenificha njaa yake ili kulinda fahari yangu.

Namshukuru mama yule wa Beni, mwalimu wake wa mbio, na ninyi mlionishika mkono nikaandika herufi ya kwanza. Mama zangu, msingoje siku ya mashindano kumlisha mtoto. Na mkija kwangu, karibuni sana. Mayai mtayakuta, ila la kwanza lina mwenyewe.