Mzee Agapiti Anatuachia Vipima Mwanga

Tarehe 31 Agosti, Mzee Agapiti Kornel, fundi wa vipima mwanga, vile vya kupimia ukali wa jua mashambani, katika kituo chetu cha utafiti wa mazao Nachingwea, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, ila nisiwafiche: kuanzia Septemba mosi kazi yake ni yangu, na sijioni tayari.

Alianza akiwa mlinzi wa mashamba ya majaribio ya ufuta, akajifunza ufundi kwa kuuliza maswali hadi wataalamu wakachoka. Kila miezi sita alizunguka Marambo, Ruponda hadi Ruangwa. Jua la saa sita aliweka kipima mama, kile sahihi kinachotunzwa sandukuni, kando ya kile cha shambani, akalinganisha namba. Ruponda aliwahi kukuta kipima kimefunikwa ndoo. Jirani, Mama Dorotea, alikihurumia kisilowe. Mzee alimshukuru, akanywa uji wake, kisha akafuta siku kumi na moja za giza kwenye kumbukumbu zetu.

Mwaka juzi kipima cha Marambo kilisoma pungufu kwa wiki tatu. Sisi watu wa kompyuta tukaziongeza namba hukohuko ofisini, tukajipongeza. Mzee akaenda, akapitisha kidole juu ya kioo, akanusa. Salfa! Majirani walikuwa wanapulizia mikorosho unga huo wa dawa. Alitufokea kweli, maana vumbi lile lingefutwa huku nyongeza yetu ikibaki, jua lingekuwa kali kwenye karatasi kuliko shambani, na mkulima angeshauriwa uongo. Tangu hapo naota vumbi nisiloliona.

Wiki iliyopita, Ruangwa, tulipima kwa zamu, kila mmoja akikiweka kipima mama upya: mimi kwanza, yeye akafuata. Namba zikatofautiana. Nikaanza kuifuta yangu. Akanishika mkono, akainama kukitazama kipima mama jinsi alivyokiweka. Kipovu cha pimamaji yake, kinachopaswa kukaa katikati, kilikuwa pembeni kabisa, na macho yake hayakuwa yamekiona alipokuwa anapima.

"Changu kimelala upande, Rukaiya," alisema. "Andika yako."

Niliandika. Akatia saini chini yake bila kupima tena.

Ahsante, Mzee wetu, kwa uvumilivu na hata kwa ukali. Tunakutakia ustaafu wenye afya njema na mavuno ya kutosha huko Mkotokuyana. Simu tu, tafadhali, usiizime saa sita mchana.