Jina Alilolitaja Anselmi Ziwani

Sogeeni, wanangu, na wewe Xaveria, mama yao, keti hapa miguuni pangu, maana sauti niliyobaki nayo haifiki mbali, na huyo aliyesimama mlangoni, Anselmi, namtaka naye asikie.

Nyumba hii ya Maisaka ni ya mama yenu, asibughudhiwe. Shamba la Mutuka ni la Hilaria, na baba zenu wadogo wakinung'unika kwamba mwanamke harithi, waambieni aliyelima ndiye aliyegawa. Sanda msihangaike nayo. Madukani hata sabuni hakuna, sembuse kitambaa cheupe. Nifungeni shuka langu hili.

Sasa fimbo. Mnajua tangu enzi za babu yangu, anayeingia Ziwa Babati hutaja jina lake na la baba yake, ndipo viboko wampishe, na mwenye fimbo hii akipiga maji, kundi zima hurudi kilindini. Anselmi nilimfundisha hayo akiwa bado na meno ya utoto. Watu wakasema mtoto wa nyoka ni nyoka, nami nikafurahi. Kumbe mwenzangu hakupenda kupiga maji. Alikaa ukingoni akizungumza na wanyama wale, nao wakamjibu, ilhali mimi niliyewaamuru miaka yote hawakunisemesha hata siku moja. Iliniuma. Fahali wawili hawakai zizi moja, na mji ulipoanza kuniita Baba Anselmi nilikataa kuitikia. Mimi ni Kasimiri, niliwaambia.

Ukaja mwaka wa njaa, tukapanga foleni ya unga wa njano, na viboko nao wakapanda kwenye mahindi machache yaliyosalia. Nilipiga maji mpaka mkono ukafa ganzi. Dume moja likanigeukia, likanivunja nyonga hii inayoniua leo. Nikiwa matopeni nikamwona mwanangu anaingia majini mikono mitupu, nikaomba alitaje jina langu limkinge. Hakulitaja. Alisema, "Mimi ni Anselmi. Mashamba haya yana watoto wanaolala njaa. Nawaomba mrudi." Basi. Wakarudi, lile dume likiwa la mwisho, bila haraka, kama mgeni aliyeagwa vizuri.

Tangu siku hiyo husimama hapo mlangoni, haingii, anangoja nimpe fimbo au nimpe laana.

Ingia, baba. Fimbo hupewi. Hilaria, ipasue, uipikie ugali wa msiba. Ni mti mkavu, utawaka vizuri. Na laana sina. Inama... mkono wangu hauinuki, uinue wewe, uuweke kichwani pako. Hivyo. Mungu akutangulie majini na nchi kavu. Nanyi nyote... pendaneni, msigombee sufuria.

Maji, Xaveria. Kidogo tu.

Jeneza likipita kando ya ziwa... msimtaje Kasimiri. Semeni anapita Baba Anselmi. Watanipisha.