Pikapu ya Ihanja Haiendi Yadi

Mpaka leo Gabrieli hajui kwa nini pikapu ya kijiji cha Ihanja ilikunywa oili ikitoka Singida mjini kwenda kijijini, lakini ikirudi haikunywa. Barabara ni ileile, dereva ni yeye yule. Kwenda, chupa nzima iliteketea, na moshi wa buluu ukawafunika mbuzi njiani. Kurudi, kijiti cha kupimia kilitoka kimelowa palepale alipokiacha. Alipima asubuhi, akapima jioni, akapima injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare. Saa ya maili ilikwisha kurudi sifuri mara mbili, na fumbo likabaki fumbo.

Jumatano moja ya mwaka sabini na tano alilipeleka fumbo hilo lilikozoea kupelekwa: kwenye ubao wa kukalia wa mtaa wa Utemini, mbele ya duka la Ramesh, ambako Filipo Redio aliuza kahawa na kugawa habari bure. Siku hiyo Gabrieli alikuwa na neno zito zaidi. Mkaguzi wa magari alikuwa amechora msalaba wa chaki kwenye mlango wa pikapu. Oili imeadimika, alisema, na gari linaloila linawanyima wengine. Ijumaa saa nne lifikishwe yadi, likatwe vyuma. Gabrieli hakumchukia. Yule bwana naye alikuwa na makopo sita ya kugawia magari ishirini. Lakini kulipeleka yeye mwenyewe, kwa mikono yake, hapana.

Filipo alimimina kahawa akaanza.

— Gari hilo limekulia mjini, kwa Chhotalal, kabla kijiji hakijalinunua. Ukilipeleka shamba linalia. Ukilirudisha linanyamaza. Mkataa kwao ni mtumwa.

Mughwai, fundi baiskeli ambaye kijiwe kizima kilimwita Injinia, alisema huo ni ushirikina. Sababu ni upepo.

— Ukienda Ihanja upepo unakupiga mgongoni. Unaingia kwenye bomba la moshi, unapuliza injini kama jiko la mkaa. Wahenga waliliona hilo zamani: mtaka cha uvunguni sharti ainame. Na bomba liko wapi? Uvunguni.

Ramesh, bila kuinua macho kwenye mizani yake, alisema ni chumvi. Kwenda, pikapu hubeba magunia yake ya chumvi. Kurudi hubeba wagonjwa na kuku. Nani akae na chumvi mgongoni asione kiu? Injinia alimuuliza mbona gari halinywi maji. Ramesh akajibu kwamba kila kiumbe na kinywaji chake.

Wakahamia kwenye tiba. Injinia alishauri mafuta ya nyonyo. Gabrieli aliwaambia alikwisha kuyajaribu mwaka wa ukame, na kwa siku tatu injini ilinuka kama mtoto aliyenyweshwa dawa ya tumbo. Filipo akataja unga wa mbao. Hilo walilikataa wote. Unga wa mbao hufunika mlio wa gari bovu kwa siku chache, ni wa kumdanganya mnunuzi, na wao hawakuwa na mpango wa kuuza.

Ndipo akafika mama mmoja mtu mzima, kikapu mkononi. Wakasimama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Mimi Klara, nimetoka Ihanja. Namtafuta dereva wa pikapu.

Hakukaa. Aliwaeleza kwamba mkwewe ana mimba ya miezi tisa, mtoto amekaa kitako, na mganga wa zahanati amesema asithubutu kuzalia kijijini. Lazima afikishwe hospitali ya mjini kabla ya Jumapili. Filipo akamweleza habari ya mkaguzi na yadi. Klara alisikiliza mpaka mwisho.

— Basi gari hili likienda yadi, mkwe wangu atakuja na lipi?

Filipo aliinamisha birika, lilikuwa limekwisha. Ramesh aliweka jiwe la mizani chini.

— Mashine yangu ya kusaga inamwagwa oili chakavu kila mwezi. Nyeusi, nzito. Debe zima liko uani.

— Oili iliyokwisha kufa? Injinia aliuliza.

— Gari si linaiunguza tu? Kwa nini uliunguzie mpya?

Gabrieli alifikiri kidogo, akasema ichujwe mara mbili kwa kitambaa kizito, kisha itulie mpaka kesho jioni, takataka zizame. Klara akafungua kikapu akatoa kaniki.

— Na mkaguzi akiniuliza? alisema Gabrieli.

— Mwambie hatukugusa kopo lake hata moja, alisema Ramesh.

Ikaamuliwa hivyo: pikapu itakwenda Ihanja, siyo yadi. Ramesh alilitoa debe. Gabrieli alichuja, Injinia akishika pembe mbili za kaniki, bila methali yoyote.

Ijumaa alfajiri kazi ilibaki moja. Gabrieli alisimama mbele ya ule msalaba wa chaki, funguo mkononi. Mwenye kuuchora alitumwa na serikali, naye Gabrieli alikuwa dereva tu.

Klara hakumngoja. Alichukua ileile kaniki, ingali inang'aa oili, akausugua mlango mpaka chaki ikatoka yote. Kisha akaufungua, akapanda, akakaa mbele.

— Twende, baba. Huko wanatungoja.