Aliyepanga Nani Afungue Jalada Lipi

Kwa jina la Mungu atupaye siku na kuzihesabu, tunaanza. Wazee wetu, shikamooni. Viongozi, wafanyakazi wenzetu na wageni, amani iwe kwenu nyote.

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Tobia Shemweta anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja kutoka Bungu akiwa karani wa masjala, kazi yake ikiwa kutafuta majalada ya wagonjwa rafuni. Kompyuta zilipoletwa, alipelekwa Tanga kusoma miezi mitatu, akarudi akiwa msimamizi wa mfumo.

Kazi hiyo wengi wetu hatukuielewa. Kila mtumishi ana jina lake katika mfumo, na kila jina limewekwa kundini: wodi ya wazazi, maabara, famasia, masjala. Kundi ndilo linaloamua mtu afungue jalada lipi. Milimani kwetu, ambako mgonjwa ni shemeji wa karani na karani ni jirani wa mpishi, kundi likikosewa, siri ya mtu hufika sokoni kabla yake mwenyewe. Bwana Tobia aliichukua kazi hiyo kuwa amana.

Aliyehamishwa idara alitolewa kwenye kundi la zamani siku hiyohiyo. Lakini kwetu kutolewa kundini ni neno zito, maana hutolewa aliyekosa. Kwa hiyo hakumtoa mtu kabla ya kumwendea na kumweleza uso kwa uso. Alipomwendea Mama Beatha, aliyehamishwa kutoka wodi ya wazazi kwenda jikoni, mama huyo aliweka mwiko chini akauliza, "Nimekosa nini, Tobia?" Alipoelezwa kwamba hakukosa lolote, akajibu, "Haya. Basi na mimi nimekutoa kwenye kundi la chai." Siku tatu Bwana Tobia alikunywa maji ya moto, asilalamike.

Wiki mbili zilizopita tulipitishwa katika jaribu. Bwana Tobia alikuwa amekwisha kumfundisha mrithi wake, Bi. Husna Kaniki, na Jumanne asubuhi, kwa furaha ya kumaliza, akajitoa mwenyewe kwenye kundi la wasimamizi. Akabaki Husna peke yake. Saa nne Husna akataka kujiongeza kwenye kundi la maabara, apate kufanya mazoezi. Amri aliyoiandika haikuongeza. Ilifuta makundi yake yote, ikamwachia maabara tu. Tangu dakika ile hapakuwa na mtu hospitalini mwenye uwezo wa kumwingiza mwingine kundi lolote.

Wakati huohuo aliletwa mama mjamzito kutoka Mgwashi, amezimia. Daktari na wauguzi wengine walikuwa chumba cha upasuaji. Muuguzi Salama, aliyehamishiwa wodi ya wazazi asubuhi ileile, aliambiwa na ndugu wa mgonjwa kwamba kuna dawa iliwahi kumdhuru mama huyo, ila jina la dawa hiyo hawakulikumbuka. Jalada lilikataa kufunguka, kwa kuwa Salama hakuwa ameingizwa kundini.

Husna alilia. Bwana Tobia hakumkemea. "Mwanangu, kosa ni langu," alimwambia. "Nimeuachia mzigo kabla haujakaa sawa kichwani pako." Kisha akaenda masjala, kwenye sanduku la chuma, alikoweka tangu mwaka wa kwanza wa kompyuta bahasha yenye neno la siri la akaunti kuu, isiyotegemea kundi lolote. Wakavunja lakiri ya bahasha, wakamrudisha Husna usimamizini, na Husna kwa mkono wake mwenyewe akamwingiza Salama. Jalada likafunguka. Dawa iliyotajwa ilikuwa ndiyo ile iliyokwisha kuvutwa kwenye sindano.

Mama yule alijifungua salama, akarudi Mgwashi Jumapili, mtoto mikononi. Mungu ashukuriwe.

Bwana Tobia hakuishia hapo. Aliomba neno la siri libadilishwe, na Husna alipokuwa akiliandika, yeye aligeuka akatazama ukungu dirishani hadi bahasha mpya ilipofungwa. Alipotoka alisema kwamba sasa hakuna jalada la mtu yeyote analoweza kulifungua. Alilisema taratibu, na usiku ule, kwa ushuhuda wa mkewe Bi. Esta, alilala hadi jua likachomoza.

Bwana Tobia, ahsante kwa uaminifu wako. Tunakuombea maisha mema na afya njema huko Bungu. Nawe usomaye, Mwenyezi Mungu akubariki, ailinde nyumba yako na wote waliomo.