Walipoishia Wao

Basi letu la Boston lilikuwa halijafika hata darajani, asubuhi ile ya Juni 1971, pale bwana mmoja mwenye tai alipoligonga kwa kidole gazeti alilopakata mama jirani yake. "Siri za vita vya Vietnam hizi! Jaji wa New York si alilikataza gazeti la kule lisizichape?"

"Alilikataza la kule," mama akajibu. "Hili ni letu. Mimi ndiye mhariri, naitwa Noreen Tierney, na hivi naelekea mahakamani, serikali imenishtaki."

Nikaacha kujifanya natazama nje.

"Lakini hao si washindani wenu, mama? Mnanyang'anyana habari kila siku!"

"Kila siku. Wakianguka ngazini nacheka. Ila wakizibwa mdomo, tunaendelea walipoishia. Tukizibwa sisi, gazeti la Chicago litaendelea."

Nimesomea uandishi wa habari miaka miwili, na hakuna mwalimu aliyenieleza kazi hii vizuri hivyo.

Bwana hakucheka. "Mwanangu yuko Vietnam. Siri hizo ndizo zinazomlinda."

Mama akalikunja gazeti taratibu. "Soma ukurasa wa tatu, baba. Wakubwa walijua zamani kwamba vita havishindiki, na bado wakapeleka watoto. Siri hiyo ilimlinda nani?"

Bwana akasema kwa sauti ya chini, "Watakufunga. Mwambie jaji umekosea, omba radhi, urudi nyumbani."

Basi likasimama mbele ya mahakama. Mama akamwachia gazeti mapajani, akainuka.

"Siombi radhi," akasema, akashuka.