Mama Pindo na Neno Moja Alilolielewa

Wasikilizaji wapendwa, hebu nikuulize wewe uliyekaa karibu na redio: ukimsikia ndugu yako wa tumbo moja akidanganya mbele ya kanisa zima, na uongo huo ukakuangukia wewe, utasimama useme, au utanyamaza?

Leo tunamkumbuka aliyenyamaza. Tulimwita Mama Pindo, fundi cherehani, aliyefariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sitini na minane. Majoho yote ya kwaya, thelathini na mawili, aliyashona yeye. Kila joho alilipinda mara mbili chini, ili msichana akirefuka pindo literemshwe. Ndiyo asili ya jina. Na kwenye kwaya hiyo aliimba sauti ya pili kwa miaka arobaini.

Sasa, miaka mitatu iliyopita kanisa lao liliingiwa na mzozo. Wengine walisema asiyenena kwa lugha, zile lugha ngeni za maombi, hana Roho. Wengine wakasema karama ni nyingi, kila mtu na yake. Mama Pindo alisimama kikaoni akasema, "Mkono haushoni bila jicho, na jicho halishiki sindano." Akakaa. Wapo waliolikariri neno hilo kwa uchungu.

Mdogo wake alikuwa shemasi. Ni kitindamimba, Mama Pindo alimlea mgongoni. Ikatangazwa kwamba shemasi asiyenena ataondolewa. Jumapili hiyo hiyo shemasi akapita mbele, jasho linamtoka. Akafumba macho, akapaza sauti: "Ngumu nguwa, enisaidi! Paninaogo! Paninaogo!"

Kanisa likalipuka. Fundi saa, mzee aliyesemekana ana karama ya kufasiri, akaruka kutoka kitini. "Mmesikia? Ngumu! Roho asema kuna moyo mgumu ndani ya kwaya hii!"

Macho yote yakamgeukia Mama Pindo.

Wasikilizaji wapendwa, mnaukumbuka ule mchezo wa watoto wa kusema kinyume? Unachukua mwisho wa neno unauleta mbele. Maji yanakuwa jima. Kesho inakuwa shoke. Hawa wawili waliucheza utotoni, ili mama yao asijue wanapanga nini. Mama Pindo alielewa kila neno. Mdogo wake alikuwa akisema: Mungu wangu, nisaidie. Ninaogopa. Ninaogopa.

Alielewa, na alinyamaza.

Wazee wakamtoa Mama Pindo kwenye kwaya, na Ijumaa shemasi akatumwa kwa dada yake achukue joho. Binti wa Mama Pindo, mwalimu wa chekechea, alikuwa nyuma ya pazia akipiga pasi. Yeye ndiye aliyenisimulia.

"Dada, wazee wamenituma."

"Najua. Kaa."

"Sikai."

"Basi simama, ila usiegemee hizo nguo, ni za watu."

Mama Pindo akalikunja joho taratibu, pini zimo mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kijito chake cha pini. Kisha akauliza, "Ulikuwa unaogopa nini, mdogo wangu?"

Shemasi akatazama mlango. "Utawaambia?"

"Niwaambie nini? Kwamba ulikuwa unamwomba Mungu? Hilo halina kesi."

Shemasi akalichukua joho, akatoka bila kuaga.

Baada ya hapo kanisa likapasuka vipande viwili. Nusu, wale waliosema karama ni nyingi, walihamia karakana ya seremala, wakaketi juu ya mbao. Majirani wakaacha kusalimiana. Mama Pindo hakuhama. Alikaa benchi la mwisho, na majoho yaliyochanika ya wale waliomtoa bado yalifika mezani kwake. Siku moja mwanakwaya mmoja akamchokoza: "Mama, Roho hajakufikia tu? Au umepanga foleni?"

"Akifika mwambie nipo," akajibu, "namalizia suruali hii."

Lakini nyumbani hakucheka. Binti yake alimsihi, "Mama, sema neno moja tu, uongo uishe, warudi wote!"

"Watarudi kumcheka mdogo wangu. Huko si kurudi. Nataka aseme mwenyewe."

Alingoja. Mapafu yakamlemea, akalazwa wiki tatu. Shemasi alifika mpaka mlango wa wodi mara mbili, na mara mbili akarudi. Mama Pindo alikufa hajamsikia akisema.

Kwa binti yake, kwa wajukuu, na kwa shemasi pia, pokeeni pole zetu. Nasi tujiulize, wasikilizaji wapendwa: katika kugombea nani amepewa nini, ni nani tumemwacha mlangoni? Upendo ulikuwepo katika kanisa hilo. Ulikuwa umekaa nyuma, unashona.

Nami nilikuwepo mazikoni. Makundi yote mawili yalikuja, hili upande wa kulia wa jeneza, lile wa kushoto. Binti akaomba mama azikwe na joho lake. Fundi saa akakataa: "Joho ni la walionena." Seremala akang'aka, "Hata maiti unamfukuza?" Watu wakaanza kushikana mashati, juu ya jeneza, mbele ya wajukuu.

Shemasi akapita katikati. Joho alikuwa nalo, chini ya koti. Akalitandika juu ya jeneza, akalinyoosha pindo kwa viganja. Fundi saa akafungua kinywa, shemasi akamwinulia mkono.

"Msimguse," akasema. "Mimi sijawahi kunena kwa lugha. Siku ile nilisema kinyume, maneno ya kitoto, na dada yangu aliyaelewa yote. Mlimtoa yeye kwa sababu yangu." Akashika ukingo wa jeneza. "Sikutaka makubwa, jamani. Nilitaka tu msinifukuze."